NYUMBA, SHAMBA NA SHULE

Kila ifikapo Januari, wazazi wengi wa Ufipa hukabiliwa na swali lisilo na jibu jepesi: mtoto aliyechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza atasoma akitokea wapi? Swali hili laonekana kuwa la shule tu, lakini ukilipima vema utaona ni mambo matatu yaliyofungamana: fedha, makao na masomo. Ukigusa moja umeyagusa yote.

Tuanze na fedha. Kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ada katika shule za serikali iliondolewa tangu Januari 2016 hata Kidato cha Nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa Kidato cha Sita. Ni jambo kubwa, wala si haki kulibeza. Lakini kuondoa ada si kuondoa gharama. Sare, viatu, madaftari, godoro, chakula na nauli vimebaki juu ya mzazi, navyo hudaiwa katikati ya masika, wakati mkulima yumo shambani akipalilia, ghala lapungua, na mavuno yangali mbali. Mkulima huyo aliuza mahindi yake Julai, siku ambazo kila mtu auza na bei iko chini. Januari bei imepanda, naye hana gunia la kuuza. Si mvivu, amelima vema. Kalenda ya shule na kalenda ya mvua ndizo hazikupatana. Tena Juni 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, wakulima wa Rukwa walionja uchungu wa kutegemea zao moja kwa kila haja ya nyumba.

Sasa makao. Mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009 ulizaa shule za kata kila mahali, lakini kata zetu ni pana. Mtoto wa kijiji cha pembeni hutembea mwendo mrefu, na yule wa Muze au Mtowisa, kule bondeni, akichaguliwa shule ya huku juu ana mteremko mzima wa Lyamba lya Mfipa kati yake na mama yake. Hivyo wako wazazi wahamiao Sumbawanga mjini wafuate shule. Hao hupata shule karibu, ila hulipa kodi ya chumba na kununua unga ambao kijijini waliutoa ghalani. Wengine humpangia mtoto chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita geto. Hapo mtoto wa miaka kumi na minne huwa mpishi, mlinzi na mzazi wa nafsi yake.

Twasema wazi kwamba geto ndilo deni ghali kuliko yote, ingawa kodi yake ni ndogo. Msichana anayelala peke yake, aishiwapo unga siku ya Alhamisi, hakosi mtu mzima wa kumpa fedha kwa nia mbaya. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Uamuzi ule ni wa haki. Lakini kurudi si sawa na kutokuondoka.

Basi ifanyweje? Maoni yetu ni haya. Kwanza, kila nyumba itenge magunia ya shule siku ya mavuno, kabla ya sherehe na kabla ya bati jipya, wala yasiguswe hata Januari. Pili, familia isiuze shamba kwa ajili ya kufuata shule. Mtoto asiye na shamba nyumbani hasomi kwa amani, kwani njaa humfuata darasani. Tatu, wazazi wa kijiji kimoja waache kupanga vyumba kumi vya kificho. Na wapange nyumba moja, wamweke mama mmoja mwenye heshima awaangalie watoto, na kila mzazi apeleke debe lake la mahindi na la maharage. Nne, nyumba hiyo iwe mwanzo wa hosteli ya kata.

Atatokea wa kusema kwamba hosteli ni kazi ya serikali. Ni kweli, nayo halmashauri haina budi kuweka vitanda, maji na mlezi katika bajeti yake. Lakini mawe na mchanga viko kwetu. Mababu wa Ufipa walifukia nyasi ndani ya matuta, wakangoja zioze, ndipo wakapanda. Walijua kwamba rutuba ya msimu ujao hutengenezwa msimu huu. Na elimu ya mtoto wa Januari hutengenezwa Julai, penye mizani ya mahindi. Mzazi anayepima gunia lake leo na ajiulize: hili ni la nani?