Divai Mbili za Mzalishaji Mmoja



Mwezi uliopita padre mmoja aliyekuwa akirudi Mpanda kutoka Dodoma alituletea chupa mbili za divai nyekundu. Zote mbili zimetengenezwa na mzalishaji mmoja, kwa zabibu za aina moja, ile iitwayo Makutupora, na zabibu hizo zilivunwa mwaka mmoja. Tofauti ni shamba tu: za chupa ya kwanza zilitoka Hombolo, za chupa ya pili zilitoka Mpunguzi. Baada ya chakula cha jioni padre mlezi alituita mafrateri wanne, akammiminia kila mmoja kidogo, akasema: "Onjeni, kisha mniambie kama ni divai moja au mbili."

Hakuna aliyesita kujibu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, rangi yake ikipitisha mwanga, na ilipita kooni kwa ulaini. Ya pili ilikuwa nzito, nyekundu ya kukaribia weusi, na iliacha ukakasi mdomoni kama wa mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Mmoja wetu aliipenda ile ya kwanza, watatu tukaipenda ya pili. Lakini sote tulikubaliana kwamba zote mbili ni divai safi.

Sisi watu wa Katavi hatuna sababu ya kushangaa. Mrina asali akitundika mizinga yake pori la Inyonga na mingine karibu na mashamba ya bonde, atavuna asali mbili, ingawa mkono ni mmoja. Maua si yale yale. Mzabibu nao husema habari za ardhi yake. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, wa mfinyanzi huyashika. Mzabibu unaomwagiliwa sana huzaa zabibu kubwa zenye maji mengi. Unaopata maji kidogo huzaa zabibu ndogo zenye ganda nene. Na ganda ndilo linaloipa divai nyekundu rangi na ukakasi, kwa sababu juisi huachwa ichachuke pamoja nalo. Tena Dodoma mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, akipanga mavuno kwa siku anayopogoa. Hivyo hata shamba moja halitoi ladha ile ile kila msimu.

Kwa nini tunayaandika haya katika gazeti la seminari? Kwa sababu ya jambo lililotupata tulipokuwa katika utume kwenye kigango kimoja cha mbali, ambacho hatutakitaja jina. Tulimkuta mkatekista, mzee wetu tunayemheshimu sana, akiandaa sakristia. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili: mpya aliyoletewa kutoka parokiani, na nyingine iliyofunguliwa wiki nyingi nyuma na kubaki katika joto la Oktoba. Alikuwa tayari kuimwaga ile mpya.

"Hii siiamini, frateri," alisema. "Inakausha ulimi. Afadhali hii ya siku zote."

Tulimwomba ruhusa tuionje ile ya siku zote. Ilikuwa imegeuka siki.

Mzee wetu hakukosa imani wala bidii. Alikosa kitu kimoja tu: hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba divai njema yaweza kuwa na ladha zaidi ya moja. Alijua ladha moja, na kila iliyokuwa tofauti na hiyo aliitilia shaka. Ile aliyoizoea ilipoharibika polepole, aliendelea kuiamini kwa sababu chupa ilikuwa ile ile. Laiti tungechelewa nusu saa, padre angefika akute siki mezani. Watu waliotembea saa mbili kuja Misa wangerudi nyumbani bila Misa, au, vibaya zaidi, siki ingeingia kwenye kalisi bila mtu kutambua.

Hapa ndipo penye uzito. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai divai ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, na isiyoharibika. Maagizo ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yanaongeza kwamba isichanganywe na kitu kigeni, na kwamba itunzwe vizuri isichachuke. Kanisa halisemi iwe nyekundu au nyeupe, nyepesi au nzito, ya Hombolo au ya Mpunguzi. Linatuachia wingi huo wote. Lakini siki si divai tena. Na kinywaji cha rosela, cha ndizi au cha nanasi, hata kama lebo yake imeandikwa "wine" kwa herufi za dhahabu na bei yake ni nusu, hakijawahi kuwa divai ya altare.

Basi kuna tofauti za aina mbili. Moja inatokana na ardhi, jua na mvua. Hiyo tuipokee kwa shukrani. Nyingine inatokana na uharibifu au udanganyifu, hiyo tuikatae. Asiyewahi kulinganisha hawezi kuzitenganisha.

Kuna watakaosema kwamba mafrateri kuonja divai ni anasa, au ni mlango wa ulevi, na kwamba mkoa wenye shida za maji na barabara una mambo makubwa zaidi. Tunalichukua onyo hilo kwa uzito. Ulevi umebomoa familia nyingi, wala nyumba za mapadre hazina kinga. Lakini kuonja kijiko kimoja mbele ya mlezi, kwa lengo la kujifunza, si kunywa. Mama anayeonja mchuzi hajala chakula cha watoto. Na asiyeweza kuonja kwa sababu ya afya au udhaifu wake asilazimishwe. Macho na pua pia hufundisha mengi.

Wamisionari wa Afrika walipofika Karema mwaka 1885, hapakuwa na reli wala lori. Mizigo kutoka pwani ilikuja mabegani mwa wapagazi kwa safari ya miezi. Leo divai inatufikia kutoka Dodoma, ambako wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Tumerahisishiwa safari, tusirahisishe uangalizi. Mwaka 2017 Idara ya Vatikani inayosimamia Ibada na Nidhamu ya Sakramenti iliwaandikia maaskofu ikiwakumbusha jambo hilo hilo: zamani jumuiya za kitawa ndizo zilizoandaa mkate na divai, sasa vinauzwa hata madukani na mtandaoni, hivyo anayenunua lazima ajue anachonunua.

Maoni yetu ni haya. Seminari iwafundishe walioko malezini somo hili kwa vitendo, chupa mbili mezani. Parokia inunue kwa mzalishaji anayejulikana na anayeweza kusema zabibu zake zimetoka shamba gani. Kwa kufanya hivyo tutakuwa pia tumemsaidia mkulima wa Dodoma, ambaye mara nyingi amelia kukosa soko. Vigango vya mbali vipewe chupa ndogo, tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake, na iwekwe mahali pa baridi na kivuli. Na wakatekista wetu waitwe nao waonje, kwa sababu wao ndio walinzi wa sakristia padre anapokuwa mbali.

Mzee wetu wa kigango tulimwonjesha zote mbili siku ile, kidogo kidogo. Alinyamaza, kisha akacheka, akaimimina siki kwenye chupa ya jikoni. "Hii itafaa kachumbari," alisema, akaifuta ile mpya vumbi na kuiweka mezani.

Padre anapoitoa divai, huitaja kuwa ni zao la mzabibu na la kazi ya watu. Tuhakikishe kwamba maneno hayo ni kweli katika kila kigango chetu.