Mkono Utakaoushika Mgongo wa Mwanao



Mara nyingine fundi cherehani ndiye hutangulia kuliona jambo lenyewe. Binti apimwa gauni la Idi, na pindo lakataa kulingana: upande mmoja wapanda, wa pili washuka. Mama amwambia asimame wima, naye tayari amesimama wima. Ainamapo mbele, ubavu mmoja huinuka kuliko mwenziwe. Uti wa mgongo umepinda kwa upande, maradhi yanayowapata zaidi wasichana wanaobaleghe, na mara nyingi sababu yake haijulikani. Si mkoba wa shule, wala si kosa la mama aliyemlea.

Wengi hawahitaji kisu. Lakini siku daktari asemapo neno upasuaji na karatasi ya idhini ikawekwa mezani, sisi wazazi huona haya kumwuliza: wewe umesomea wapi, na kwa nani?

Tutazame njia aliyoipita mmoja wao. Oheneba Boachie-Adjei ni mzaliwa wa Kumasi, Ghana. Alikwenda Marekani mwaka 1972, akahitimu Brooklyn College mwaka 1976, kisha akatoka na shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1980. Wengine wangedhani safari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa ikianza. Alijifunza upasuaji wa mifupa katika Hospital for Special Surgery mjini New York, halafu akaenda Minnesota kusomea uti wa mgongo peke yake. Mwaka 1998 aliasisi shirika la FOCOS, na mwaka 2012 hospitali yake ikafunguliwa karibu na Accra. Huko hupelekwa watoto kutoka Ethiopia na nchi nyinginezo, wenye vibiongo vikubwa mno, baadhi yao vikiwa vimetokana na kifua kikuu kilichokula pingili za mgongo. Mgongo uliopinda sana haunyooshwi kwa siku moja. Mtoto hufungwa pete ya chuma kichwani, akavutwa juu kwa uzani unaoongezwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, ndipo apasuliwe. Ugwe wa neva upitao ndani ya pingili haupendi haraka. Ukidhurika, miguu yaweza kupooza.

Hapa kwetu njia ni ndefu vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari kwa miaka 6, kisha mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya usimamizi, kisha miaka 5 ya ubingwa wa mifupa. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya uti wa mgongo. Bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva naye huweza kuupasua mgongo, basi msishtuke mkimkuta yeye.

Mwulizeni bila ya kuona haya: mafunzo ya mgongo uliyapata wapi? Upasuaji kama huu umeufanya mara ngapi mwaka uliopita? Ni nani atakayeziangalia neva za mtoto wakati amelala? Jina lake nalo litafuteni katika sajili ya Baraza la Madaktari, inayopatikana kwenye intaneti. Leseni huhuishwa kila mwaka. Bingwa wa kweli hakasirishwi na maswali haya. Akikasirika, chukueni picha za eksirei za mwanenu, mwende kwa mwingine kabla ya kutia saini.