Mkono Usioonekana Pichani



Barua ya juma hili imetoka Umoja, Nairobi, kwa mama mwenye asili ya Mombasa aliyejifungua karibuni. Mpiga picha amemwambia kuwa mtoto apigwe picha kabla ya kutimiza siku 14, maana wakati huo bado hulala fofofo na kujikunja kama alivyokuwa tumboni. Mama mkwe naye hupiga simu kila jioni kutoka Mombasa: mtoto hatoki nje mpaka arubaini. Anauliza amfuate nani.

Khitilafu za wanazuoni juu ya picha zina mahala pake, na leo sitaziingia. Mzazi aliyekwisha kuamua ana suali linalotangulia: je, mtoto atatoka salama?

Ameniletea na picha iliyomvutia. Ni ile iliyoenea mno: mtoto kalala kifudifudi, viwiko chini, kidevu juu ya viganja, uso umeelekea mbele kama mzee mwenye mawazo. Dada yangu, hakuna mtoto mchanga awezaye kukaa hivyo. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili wote, na shingo haina nguvu ya kukibeba. Hizo ni picha mbili. Katika ya kwanza mtu mzima amekishika kichwa kwa juu. Katika ya pili ameishika mikono ya mtoto kwa chini. Kisha mbili hizo huunganishwa kwenye kompyuta na vidole vya mshikaji vikafutwa. Mtoto hakuachwa hata nukta moja. Na yule aonekanaye ananing'inia ndani ya kitambaa kwenye tawi la mti, kwa mpiga picha ajuaye kazi, alilazwa juu ya mto laini sakafuni. Tawi lilitiwa baadaye.

Hatari iko kwa asiyeijua siri hii, akachukua simu na kapu akaiga sebuleni. Kidevu kikishuka kikakandamiza kifua, njia ya pumzi hubanika, na mtoto mchanga aliyebanika hivyo aghalabu halii. Hunyamaza, nasi tukasema amelala vizuri. Kwa hiyo muulize mpiga picha: nani atakayekaa karibu na mtoto, na mkono wake utakuwa wapi? Mjuzi atafurahi kukueleza. Akujibuye “usijali, mama” na asiongeze neno, mshukuru uende zako. Vidole vya mtoto vikigeuka rangi, au akilia, alegezwe na kazi isimame, hata kama malipo yamekwisha kutolewa.

Kuna na baridi. Sisi wa pwani huisahau, lakini Julai ya Nairobi si ya Mombasa, na mtoto huvuliwa nguo ili apendeze. Joto lake la mwili lapasa kuwa baina ya nyuzi 36.5 na 37.5 za sentigredi. Chumba kipashwe moto kabla hajavuliwa, na hita iwe mbali naye. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe: hewa yake ya sumu haina harufu, na katika chumba kidogo cha ghorofani kilichofungwa madirisha huua watu wazima, sembuse mtoto.

Baina ya mama mkwe na mpiga picha, naona hapana ugomvi. Mpiga picha na aje nyumbani. Asubuhi ya siku ya saba, kabla wageni wa akika hawajajaa, mtoto alazwe chali juu ya leso karibu na dirisha, au kifuani mwa mamake. Mwanga wa dirisha unatosha. Akipigwa baada ya arubaini, nako hakuna hasara. Atakuwa ameanza kukutazama usoni.

Katika kuhariri, kufuta doa la maziwa au gamba la ngozi si neno. Lakini kumng'arisha mtoto awe mweupe kuliko alivyoumbwa ni jambo linalonikera, kwani tunamfundisha kuikataa ngozi yake kabla hajajua jina lake. Tena kuna madhara ya karibu zaidi. Programu hizi hufuta umanjano, na umanjano waweza kuwa maradhi. Utazame kwenye weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo za mtoto mwenyewe, si kwenye simu. Ukiuona, hasa ndani ya saa 24 za kuzaliwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nyanya aliye Mombasa atumiwe picha isiyoguswa. Macho yake yamelea wengi.

Mwisho, mtoto asitiriwe uchi wake. Na mpiga picha akitaka kuitumia picha hiyo kujitangazia biashara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi kwanza. Una haki ya kukataa, na huhitaji kutoa sababu.

Barua ya Lamu juu ya kunyoa nywele za mtoto itajibiwa juma lijalo, inshallah.