Kubadili bendera ya meli si kupaka rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya meli kuukuu zinazonunuliwa nchi za nje na kupewa usajili wa hapa kwetu.

Wananchi wengi hudhani kubadili bendera ya meli ni kazi ya karani: mwenye meli hulipa ada, hupewa hati, kisha hufuta jina la bandari ya zamani na kuandika jipya. Sivyo hata kidogo. Kazi kubwa ni ya wahandisi. Wao hupima unene wa mabati ili kujua kutu imekula kiasi gani. Hukagua injini, pampu za kuzimia moto na mashua za kuokolea. Pakiwa na shaka, husogeza vitu vya uzito unaojulikana toka ubavu mmoja hadi wa pili, wakapima meli inavyoinama, ndipo wajue kama itaweza kujiinua ikipigwa na wimbi. Hata kile chombo cha kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti hubadilishwa namba, kwani namba hiyo hutaja nchi ya bendera. Isipobadilishwa, waokoaji wataulizia meli katika nchi iliyokwisha kuifuta.

Lakini swali kubwa ni hili: meli iliundwa kwa maji gani? MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, ikachukua abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington, ambako bahari imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mwaka 2011 ililetwa kwetu na kuvushwa baina ya Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai, 2012, msimu wa kusi, ilizama karibu na Chumbe na watu wengi wakapoteza maisha. Bendera ilikuwa mpya, lakini chombo kilikuwa kile kile.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi mrefu huchelewesha biashara. Ni kweli, meli ikilala bandarini mwenye mali hupata hasara. Lakini hasara hiyo hulipika. Roho ya mtu hailipiki.

Kwa hiyo nashauri TASAC kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, wasikubali ripoti ya mhandisi aliyelipwa na mwenye meli peke yake. Wakaguzi wetu nao wapande, wapime, na waandike chombo kinafaa maji gani, abiria wangapi na upepo wa kiasi gani. Maandishi hayo yabandikwe kwa Kiswahili mahali pa kupandia, kila abiria ayasome.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi tuulize vimeundwa kwa bahari ipi.

Msafiri wa Unguja,
Kigamboni,
Dar es Salaam.