Kifua cha Mama na Uhai wa Mtoto Njiti

Kila tarehe 17 Novemba ulimwengu huadhimisha siku ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya mimba kutimiza wiki 37. Sisi tumezoea kuwaita watoto njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hiyo milioni 13.4, takriban mmoja kati ya kila watoto kumi. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kusababisha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Yatupasa basi, sisi waamini, kujiuliza utafiti wa miaka hii unatufundisha nini, na mafundisho hayo yanatudai nini.

Mwaka 1978, jijini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na uhaba wa mashine za joto. Akaanza kuwaweka watoto njiti kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, wapate joto la mwili na maziwa ya mama. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama abebaye mtoto wake mfukoni tumboni. Kwa miaka mingi wengi waliiona kuwa ni msaada wa maskini, tena kwa mtoto ambaye hali yake imekwisha kutengemaa. Mtoto aliye dhaifu zaidi alilazwa peke yake penye mashine, na mama akawa kama mgeni anayengoja saa ya kuruhusiwa kuingia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulibadili mtazamo huo. Ulifanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukiwahusisha watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili liliwekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itengemae, kwa takriban saa 17 kwa siku. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 15.7 ya watoto wa kundi la kwanza, na asilimia 12.0 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ilikuwa wazi kiasi kwamba wasimamizi wa usalama walishauri utafiti usitishwe kabla ya muda wake. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo ianze mara tu baada ya kuzaliwa, hata penye mashine za kutosha.

Tusielewe vibaya. Kifua cha mama hakichukui nafasi ya oksijeni, dawa wala muuguzi. Watoto wale walipata huduma hizo pia. Kilichobadilika ni kwamba mama aliingizwa wodini, akapewa kitanda na mtoto wake. Hospitali zetu, zikiwemo za Kanisa, zinapaswa kujipima kwa kitanda hicho.

Lakini saa 17 kwa siku, kwa wiki kadhaa, hakuna mama awezaye kuzibeba peke yake, hasa aliyejifungua kwa upasuaji. Ndiyo maana katika utafiti ule ndugu walisaidia kumpakata mtoto. Baba, bibi na shangazi wana kifua chenye joto pia. Mwaka 2025 sheria za kazi nchini Tanzania zilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe likizo ya uzazi. Ni hatua njema, ila haimfikii mkulima wala mama lishe, ambaye asipofanya kazi leo watoto walioko nyumbani hawali.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, WAWATA na UWAKA wanapoitwa: kupeleka chakula wodini, kuchangia nauli na gharama, kuwatunza watoto waliobaki, na kuwanyamazisha wanaomuuliza mama amemkosea nani hata akajifungua kabla ya siku. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hakuona haya kujifananisha na aliyezaliwa si kwa wakati wake. Hadhi ya mtu haipimwi kwa kilo.

Tukumbuke pia kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na katika dharura mtu yeyote mwenye nia stahiki aweza kubatiza. Na pale Mungu anapomwita mtoto huyo, mama asikatazwe kulia kwa kuwa alikuwa mdogo. Padre aitwe, jumuiya ifike, msiba uwe msiba.

Viongozi wa jumuiya, wiki hii ulizeni: katika eneo letu, ni mama gani yuko wodini na mtoto njiti, na nani atampokea zamu usiku wa leo?