Wazalendo wa Siku Moja

Jumatano tarehe 23 Oktoba 2024 nilipita kwa matatu kwenye barabara ya Thika, nikielekea mjini kutoa nakala ya sura mbili za riwaya yangu. Kondakta alikuwa akibishana na mama mmoja kwa ajili ya shilingi 20, nasi abiria tukawa waamuzi. Siku hiyo hiyo, hapo kando, katika uwanja wa klabu ya Ruaraka, Zimbabwe iliipiga Gambia mikimbio 344 katika ova 20. Sikandar Raza peke yake alifunga 133 kwa mipira 43 na hakutolewa. Hakuna timu ya taifa iliyokuwa imewahi kufikisha hesabu hiyo katika mechi ya ova 20 tangu mchezo huo uanze. Rekodi ya dunia, ndugu msomaji! Imevunjwa Nairobi, mchana kweupe, na mimi nikapita nikihesabu chenji.

Nilikuja kujua siku 3 baadaye, kwenye simu, tena katika habari iliyoandikwa India.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia ati najifanya mzalendo kuliko wengine. Mimi ni wa kwanza kulaumiwa. Lakini sitaki kulaumiwa peke yangu.

Baba mdogo ndiye aliyenifanya nikereke. Huyo ni mtu wa 2003. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo yote nayajua kwa mdomo wake, naye husimulia kama vile jana. Timu ya Kenya, nahodha akiwa Steve Tikolo, iliingia Kombe la Dunia na hakuna aliyeitazama mara mbili. New Zealand wakakataa kuja Nairobi wakisema hakuna usalama, tukapewa pointi za bure. Sri Lanka wakaja. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Gymkhana, Collins Obuya akang'oa wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, wakaanguka kwa mikimbio 53. Tukaipiga Bangladesh. Tukaipiga Zimbabwe. Tukafika nusu fainali huko Durban, India wakatutoa. Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyokuwa na hadhi ya kucheza mechi za Test iliyofika nusu fainali ya kombe hilo.

Baba mdogo anasema wiki hizo mtaa mzima ulipasua mbao. Kila kijana alikuwa na ubao wake wa kupigia, na mpira ni wa tenisi uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili uwe mzito. Madirisha yalivunjika. Watu ambao hawakujua ova ina mipira mingapi walikuwa wanajadili namna Obuya anavyozungusha mkono.

Nikamwuliza, "Baba mdogo, na mwaka uliofuata?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwaka uliofuata tulirudi kwa Arsenal."

Basi hapo ndipo penye kidonda. Tulipenda kushinda, tukadhani tumependa kriketi. Tukadhani hata tumependa nchi! Mtu anayemtembelea mgonjwa siku ya kutoka hospitali tu, na keki mkononi, si jamaa wa kweli. Pale timu ilipoanza kuugua tulikuwa wapi? Wachezaji waligombana na chama kwa sababu ya malipo, tukasema ni mambo yao. Mwaka 2004 Maurice Odumbe akafungiwa miaka 5 kwa uhusiano wake na watu wa kamari. Tukatikisa vichwa, tukafungua ukurasa mwingine wa gazeti. Kombe la Dunia la 2011 tulishindwa mechi zote 6, na New Zealand wakatutoa sote kwa mikimbio 69. Mwaka 2014 tukapoteza hata ile hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Niambie, msomaji wangu, nani aliandamana? Nani hata alikasirika kwenye kinyozi?

Kuna wale watakaonijibu kwa haraka, "Huo ni mchezo wa Wahindi bana." Jibu hili limenichosha. Kwanza, hao Wahindi unaowasema ni kina nani? Asif Karim ni mtoto wa Mombasa. Alikwisha kustaafu, akaitwa arudi mwaka 2003 akiwa mtu mzima, na Australia, waliokuwa hawashikiki na ambao ndio waliotwaa kombe lile, wakakutana naye Durban. Ova 8 na mipira 2, mikimbio 7 tu, wiketi 3. Ricky Ponting mwenyewe ni mmoja wa waliotoka. Ni bendera ya nchi gani ilikuwa kifuani mwake? Pili, hesabu majina: kina Tikolo, kina Odumbe, kina Obuya, kina Suji, Thomas Odoyo, Martin kaka yake Tony. Familia nzima nzima zililelewa na mchezo huu hapa hapa Nairobi. Wao ndio waliokwenda Pune tarehe 29 Februari 1996 wakiwa na alama 166 tu za kulinda, na wakawatoa West Indies wa Brian Lara, Ambrose na Walsh kwa 93. Huwezi kusema mchezo ni wa wenyewe siku ya kushindwa, halafu siku ya kushinda useme "tumeshinda".

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wajanja wanapojificha. Utasikia: kriketi ya Kenya iliuawa na biashara. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Bangladesh walipewa hadhi ya Test mwaka 2000. Sisi tuliowapiga Kombe la Dunia miaka 3 baadaye hatukupewa mpaka leo. Kombe lenyewe lilikuwa na timu 14 mwaka 2011 na 2015, likakatwa likawa la timu 10 mwaka 2019 na 2023. Mchezo mwingine wowote hutafuta kuongeza milango, huu ukafunga. Katika mgao wa mapato ya Baraza la Kimataifa, ICC, wa miaka 2024 hadi 2027, magazeti yaliripoti kuwa India pekee inachukua zaidi ya theluthi moja, na nchi zaidi ya 90 zilizo ndogo, Kenya ikiwamo, zinagawana kama asilimia 11. Haki za kuonyesha ligi ya India, IPL, kwa miaka 5 kuanzia 2023 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6.

Lakini jiulizeni wanachouza ni nini hasa. Si mipira, wala si mbao. Wanauza macho. Bangladesh walikuwa na mamilioni ya macho, na hayo macho hayakubanduka hata timu yao ilipopigwa mwaka baada ya mwaka. Sisi tulikuwa na macho ya wiki 5. Mfanyabiashara alikuja sokoni, akakuta meza yetu haina kitu, akapita. Namchukia, naam, kwa sababu taifa halipaswi kupimwa kama kilo ya nyanya. Lakini siwezi kusema ametuibia tulichokuwa hatuna.

Tena ngoja nikiri jambo la aibu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 nilishinda shilingi 740 kwa kriketi. Niliweka mkeka kwenye simu, mechi ya IPL, timu ya Mumbai. Sijawahi kufika Mumbai. Sikuitazama mechi, nilitazama namba zikibadilika, nimekaa kwenye kibanda cha video na vijana wengine sita, kila mmoja na simu yake, tunapiga kelele kila wiketi. Mzee mmoja akaingia kununua sigara, akatuuliza, "Vijana, nahodha wa kriketi wa Kenya ni nani siku hizi?" Loo! Saba sisi, na shule tumemaliza, hakuna aliyejibu. Mmoja akasema, "Mzee, kwani Kenya wako kwenye mkeka?"

Tulicheka. Nilicheka sana kuliko wote.

Kwa hiyo msiniambie kuwa sisi hatuna fedha za kriketi wala muda wa kriketi. Fedha tunazo, shilingi 50 kwa 50, na tunazipeleka kila siku. Muda tunao mpaka usiku wa manane. Tumekuwa wateja wa mchezo tulioukataa kuuzaa.

Mtaniuliza, mambo haya yanafanya nini katika jarida la waandishi chipukizi? Yanahusu, tena sana. Mwaka 1975 timu moja ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Walikuwamo Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia. Walishindwa mechi zote 3. Mmoja wa waliorusha mpira siku ile dhidi ya Uingereza alikuwa John Nagenda wa Uganda, na huyo huyo mwaka 1986 akatoa riwaya. Mrushaji na mwandishi, mtu mmoja! Alifariki mwaka 2023. Katika kikundi chetu cha Jumamosi nilitaja jina lake, na hakuna aliyemjua kwa mpira wala kwa kitabu. Na sisi ndio hao hao ambao kila Oktoba tulikuwa tukidai Ngũgĩ wa Thiong'o apewe Nobeli, hadi alipofariki Mei 2025. Wangapi kati yetu tulikuwa tumemaliza kitabu chake hata kimoja nje ya orodha ya mtihani? Mimi nilikuwa nimemaliza viwili. Kimoja kilikuwa cha mtihani.

Waganda walau wametuonyesha. Juni 2024 walicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, wakaipiga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 akarusha ova 4 kwa mikimbio 4 tu na kutoa wiketi 2. Siku 3 baadaye West Indies wakawatoa kwa 39. Huku kwetu watu walicheka hiyo 39 kwenye simu zao. Tulikuwa na haki gani ya kucheka, sisi ambao hata mlangoni hatukuwapo?

Baba mdogo bado ana ubao wake wa 2003. Mkono umefungwa kwa utambi wa taa, na kwenye bapa ameandika jina la Tikolo kwa kalamu ya moto. Nimemwomba twende naye uwanjani Jumapili hii, kuna mechi ya ligi ya hapa Nairobi. Alisita kidogo, akasema hajakanyaga huko miaka 15 na hajui wanaocheza ni watoto wa nani. Nikamwambia hata mimi sijui. Tutaondoka saa 3 asubuhi, tutabeba chai na mikate yetu. Anayetaka kuja atukute stejini.