Saratani ya matiti: Kompyuta pekee haitamwokoa mama wa Kegonga

Siku hizi tunaelezwa kwamba kompyuta inaweza kusoma picha za mamogramu na kutambua saratani ya matiti. Ni kweli. Hata hivyo, mimi kama daktari ninayehudumia wagonjwa wa Kegonga, naona tusishangilie mapema.

Jambo hili si geni. Marekani iliidhinisha kompyuta ya kwanza ya aina hiyo mnamo 1998. Iliweka alama mahali penye shaka ili mtaalamu wa eksirei apaangalie tena. Lakini uchunguzi uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba wanawake wengi zaidi wasio na ugonjwa waliitwa tena na kutiwa hofu bure.

Za sasa ni bora zaidi. Nchini Uswidi, matokeo ya 2023 kuhusu wanawake zaidi ya 80,000 yalionyesha kwamba kompyuta ikisaidiana na madaktari, saratani haikugunduliwa kwa uchache, na kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44. Kwa nchi yenye wataalamu wachache kama yetu, huo ni msaada mkubwa.

Lakini je, picha yenyewe iko wapi? Mama wa Kegonga hana budi kufunga safari hadi mji mkubwa, na nauli hana. Wengi hufika kwetu uvimbe ukiwa umekwisha kutoboa ngozi. Hapo hata mtoto anauona. Kompyuta ni ya nini?

Tena, picha haithibitishi saratani. Sharti kipande cha nyama kitolewe na kupimwa katika maabara.

Tusisahau yaliyopita. Kuanzia 2015 Serikali ilikodisha mashine kwa hospitali 98 kote nchini. Baadhi zilikaa bure kwa kukosa wataalamu au umeme. Kompyuta nayo itapatwa na yayo hayo tusipojihadhari.

Kwa maoni yangu, kwanza wauguzi na maafisa wa kliniki wafunzwe kupima matiti kwa mikono katika kila zahanati, na majibu ya maabara yasikawie. Kisha kompyuta ipelekwe palipo na mashine ya mamogramu inayofanya kazi.

Nawe msomaji wa mjini, ukienda nyumbani likizoni, mwulize mama yako kama ameona uvimbe wowote. Akiwa nao, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.